"Virusi havionekani" maana yake nini hasa, na ilivyokaribia kuvunja harusi ya binamu yangu

Zilikuwa zimebaki wiki sita tu. Grupu la WhatsApp la kamati lina watu mia na kitu, kila Jumapili jioni mweka hazina anatupia orodha ya waliolipa na wenye ahadi (mimi nilikuwa bado kwenye ahadi, nakiri), ukumbi umeshalipiwa nusu, vitambaa vya sare za kina mama viko kwa fundi. Halafu usiku mmoja mwenyekiti akaandika "kikao cha Jumapili kimeahirishwa hadi tutakapotangaziana" na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanini, na grupu la harusi likikaa kimya namna ile ujue watu wote wamehamia pembeni kuongea.

Pembeni ndo nikaipata. Kanisani waliambiwa wakapime kabla ya ndoa kama kawaida, wakaenda wote wawili wakapima, na majibu kwa njia ambayo mpaka leo hatujaijua yakavuja: bibi harusi ana virusi vya UKIMWI (VVU), binamu yangu hana. Kilichowachanganya wazee zaidi ni kwamba binamu alikuwa anajua. Binti mwenyewe alimwambia mwanzoni kabisa mwa uchumba, na jamaa bado anataka kuoa. Baba mkubwa akasema mtoto ana msongo wa mawazo, shangazi akasema msongo gani, hilo ni limbwata.

Nikampigia binamu nikijua naenda kumshauri nikaishia kushauriwa mimi. Akaniambia "kaka, virusi vyake havionekani, hawezi kuniambukiza, daktari alituita wote wawili akatueleza." Nikamuuliza kama havionekani si amepona? Akasema hajapona. Sasa kama hajapona virusi vimeenda wapi, na kama vipo kwanini visiambukize? Akajaribu kujibu, akachanganyikiwa na yeye, tukacheka, akakata simu. Basi nikaanza kusoma na kumsumbua rafiki yangu mmoja nesi anayefanya kazi CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, na ninachoandika hapa ndo kile nilichotamani mtu aniandikie usiku ule. Wahusika wenyewe wamenipa ruhusa.

Naanzia kwenye neno maana waliolichagua walilenga. Hospitalini ARV wanaziita dawa za kufubaza virusi. Kitenge kikifubaa si kwamba kitambaa kimeisha, kitambaa kipo, unakivaa, ila rangi yake haitoki tena kuchafua nguo nyingine kwenye beseni. Virusi navyo ndo hivyo hivyo. Dawa haiviui vyote vikaisha, inavizuia kuzaliana.

Na kuzaliana ndo shughuli yote ya kirusi. Chenyewe peke yake hakiwezi kitu, hakina hata uwezo wa kujitengenezea mwenzake, kwa hiyo kinaingia ndani ya seli nyeupe za damu zile za CD4 ambazo kazi yake ni kuongoza ulinzi wa mwili, kinaandika upya maelekezo yake kwa lugha ya seli, kinayachomeka kwenye vinasaba vya seli, halafu seli inageuka kiwanda cha kutengeneza virusi badala ya kulinda. Virusi vinatoka, vinavamia seli nyingine, na bila dawa hili linaendelea usiku na mchana kwa miaka, mpaka walinzi wamepungua kiasi kwamba kifua kikuu au fangasi ya kawaida tu inamlaza mtu kitandani. Hapo ndo inaitwa UKIMWI. Kabla ya hapo mtu ana VVU, hana UKIMWI, na watu wengi wanaoishi na VVU leo na wanatumia dawa vizuri hawana UKIMWI na wanaweza wasiupate kabisa. Tofauti hii inaonekana ya kitaalamu sana lakini fikiria mtu anaendesha bodaboda kutwa nzima, anabeba magunia, halafu mtaa mzima unamwita mgonjwa.

Kidonge wanachopewa watu wengi Tanzania siku hizi ni kimoja kwa siku, ndani kina dawa tatu, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza zinakiharibia kirusi kazi pale kinapoandika upya maelekezo yake, ya tatu inakizuia kisiyachomeke kwenye vinasaba. Kiwanda hakipati maelekezo mapya. Virusi vilivyokuwa vinaelea kwenye damu vinakufa vyenyewe maana havidumu, na vipya havitoki, kwa hiyo ndani ya miezi kama mitatu mpaka sita kwa walio wengi damu inakuwa karibu haina virusi. Mtu ambaye hajaanza dawa anaweza kuwa na nakala za virusi makumi elfu au hata mamilioni kwenye mililita moja tu ya majimaji ya damu, na mililita moja ni kama matone ishirini. Akitumia dawa vizuri zinashuka chini ya 50. Hapo ndo wanasema havionekani. Kipimo chenyewe kinaitwa kipimo cha wingi wa virusi, unapimwa miezi 6 baada ya kuanza dawa na baadaye kwa kawaida mara moja kwa mwaka.

Sasa hapa ndo watu wanapopotelea, mimi nikiwa wa kwanza. Kuna vipimo viwili na watu wanavichanganya. Kile cha kutoboa kidole, au kile cha kupangusa fizi unachoweza kujipimia mwenyewe nyumbani, hakitafuti kirusi hata kidogo. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulizitengeneza ulipokutana na kirusi, na silaha zile zinabaki hata kama adui amefungiwa ndani. Ndo maana mtu wa ARV miaka kumi akitoboa kidole bado inasoma anao, na inatakiwa isome hivyo. Kipimo cha wingi ndo kinahesabu virusi vyenyewe. Kwa hiyo cheti kimoja kinasema unavyo, kingine kinasema havionekani, na vyote viwili vinasema kweli.

Vimeenda wapi? Vimelala. Kuna seli ambazo zilishachomekewa maelekezo kabla dawa haijaanza, zikaenda kupumzika, hazifanyi kazi yoyote na dawa haiwezi kuzigusa kwa sababu dawa inazuia kazi na pale hakuna kazi inayofanyika. Seli hizi zinaweza kukaa hivyo miaka na miaka. Mtu akiacha dawa, moja ikiamka, kiwanda kinafunguliwa tena, na kwa watu wengi ndani ya wiki chache tu virusi vimerudi kwenye damu kama vile havikuwahi kuondoka.

Mnakumbuka 2011, kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo? Shilingi 500 kikombe, foleni ya magari kilomita na kilomita porini, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile akisema dawa yake inaponya kisukari, kansa na UKIMWI. Wako waliokunywa wakaacha ARV. Na ubaya wa virusi hivi ni kwamba ukiacha dawa leo, kesho hujisikii chochote, wiki ijayo hujisikii chochote, unashuhudia kwa watu kwamba umepona na unaamini kabisa unachosema. Mpaka leo stori ni ile ile ila mhusika anabadilika, mtu anapimwa wingi anaambiwa havionekani, anapeleka cheti kwenye maombi, anasimama mbele kutoa ushuhuda, dawa anazitupa. Kusali asali tu, sina neno na sala, ila kidonge kiendelee.

Turudi kwa binamu. Kwamba asiyeonekana virusi haambukizi kwa njia ya ngono, hilo si neno la kumfariji mtu, limepimwa. Utafiti mmoja mkubwa ulichukua wenza 1,763 ambao mmoja anao na mwingine hana, wengi wao wakiwa Afrika, Kisumu ikiwemo, na mwaka 2011 wakatoa majibu kwamba kumuanzishia dawa mapema mwenye virusi kulipunguza maambukizi kwa mwenza wake kwa asilimia 96. Walipoendelea kuwafuatilia, pale ambapo virusi vilikuwa vimefubazwa barabara hawakupata hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Ulaya nako wakaja na utafiti wao, majibu yakatoka 2016, wakahesabu matendo ya ndoa kama 58,000 bila kondomu kati ya wenza wa aina hiyo. Walioambukizwa na mwenza wao ambaye virusi vyake havionekani: sifuri. Wapo 11 waliopata virusi ndani ya kipindi hicho, ila walipolinganisha vinasaba vya virusi havikufanana na vya wenza wao, yaani walivitoa nje. Nilivyomsomea binamu hiyo sehemu alicheka sana, akasema hiyo asiisikie shangazi.

Shirika la Afya Duniani nalo likaweka wazi 2023: visipoonekana, hatari ya kumuambukiza mwenza kwa ngono ni sifuri, na vikionekana lakini havijazidi 1,000, hatari ni karibu na sifuri.

Kuna mipaka lakini na lazima niiseme, maana nimeona watu wanalibeba hili neno kama kadi ya kuingilia kila mahali. Ni kwa ngono tu. Haimaanishi sasa mtu anaweza kuchangia damu, hapana, wala sindano za kuchangia. Haizuii kisonono, kaswende wala mimba, kondomu bado ina kazi zake. Na inategemea dawa inamezwa kweli, si kuchukuliwa tu na kuwekwa kabatini.

Swali jingine la mtaani: "mbona wamekaa miaka mitano, mke anao mume hana, na hawakuwa wanajua?" Watakwambia mume ana damu kali, au ni grupu O, grupu O haipati. Uongo mtupu, grupu la damu si kinga ya VVU. Ukweli ni kwamba si kila tendo linaambukiza, inategemea wingi wa virusi siku ile, kama kuna michubuko au ugonjwa mwingine wa zinaa, kama mwanaume ametahiriwa (tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60, inapunguza, haizuii), na bahati. Mwenye bahati miaka mitano anaweza kuipoteza mwaka wa sita. Ndo maana ukikuta majibu yenu yametofautiana, kinachotakiwa si kutafuta nani alitoka nje, ni mwenye navyo aanze dawa na asiye navyo aendelee kupima, na sasa hivi kuna dawa kinga anazoweza kutumia huku mwenzake akisubiri virusi vishuke.

Halafu ndo nikafika kwenye jambo lililonikera kuliko yote. Utafiti wa kitaifa wa 2022 mpaka 2023 unaonesha kati ya watu wazima 100 wenye VVU Tanzania, wanaojua hali zao ni kama 83. Kati ya wanaojua, karibu 98 kwa mia wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa kama 94 kwa mia virusi vyao vimefubaa. Soma tena hiyo taratibu. Anayejua karibu kila mara yuko kwenye dawa, na aliye kwenye dawa karibu kila mara virusi vyake vimeshuka. Maambukizi mapya yanatoka zaidi kwa wale 17 ambao hawajui, na hawa hawana alama yoyote, mtu anaweza kukaa miaka minane au kumi amenona vizuri, anacheka, anachangia harusi za watu. Na hatari inakuwa kubwa zaidi wiki za mwanzo kabisa baada ya mtu kuambukizwa, virusi vimejaa damu nzima na kipimo cha kidole bado hakijaona kitu kwa sababu mwili haujatengeneza kingamwili. Sasa kamati nzima inamkimbia binti aliyepima, anayejua, anayemeza kidonge kila siku saa tatu usiku miaka sita, cheti chake kinasema havionekani. Na nikiuliza kwenye lile grupu la watu mia na kitu ni wangapi wamepima mwaka huu sidhani kama mikono itajaza Noah.

Sisemi hofu ilitoka hewani. Sisi kwetu ni Kagera, wagonjwa wa kwanza Tanzania waligundulika huko 1983, wakati kwetu hata jina hakuna, watu wakauita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kinaletwa kwa magendo kutoka Uganda, wakidhani ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Nilikuwa mdogo mama mdogo wangu alipoletwa nyumbani kutoka mjini. Aliwekwa chumba cha uani, sahani yake imekwaruzwa msumari kwa chini isichanganywe na nyingine, sisi watoto tunaambiwa tusipokee kitu mkononi mwake. Hakuna aliyekuwa mkatili pale, bibi alikuwa anamuogesha kwa mikono yake na usiku analia. Dawa hazikuwepo, ARV za bure zilianza kutolewa nchini Oktoba 2004, na mama mdogo alikuwa ameshazikwa siku nyingi. Mtaani watu wakajibu kwa utani, AIDS wakaifafanua "Acha Iniue Dogodogo Siachi", ngoma, ameungua, amekanyaga miwaya. Ukiangalia maneno yote hayo hakuna hata moja linaloonesha mtu anaweza kuendelea kuishi. Miwaya ukiikanyaga umekufa, biashara imeisha. Ugonjwa umebadilika miaka ishirini iliyopita, maneno yamebaki kule kule, na sahani iliyokwaruzwa nayo iko kichwani mwetu.

(Na sahani kwa taarifa haikuwa na kazi hata wakati ule. Mate hayaambukizi, kikombe hakiambukizi, choo hakiambukizi, na mbu akinyonya damu kirusi kinamengenywa tumboni mwake kama chakula kingine.)

Nesi rafiki yangu aliniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria: sauti ya chupa. Vidonge vikiwa vingi kwenye chupa ya plastiki vinalia, kacha kacha kacha, na mtu ametoka kliniki yupo kwenye daladala, mkoba mapajani, gari likiingia shimo mkoba unaongea. Wengine wanajaza pamba. Wengine wanabandua lebo wakiwa bado getini, wanamimina kwenye chupa ya vitamini, au wanaacha kliniki iliyo dakika kumi na kwao wanapanda basi kwenda wilaya nyingine, nauli ikikosekana mwezi huo dawa inakosekana. Mwanafunzi wa bweni anasubiri wenzake walale ndo ameze, siku wakikesha kusoma anaruka. Msichana wa kazi amejificha na chake, mama mwenye nyumba naye amejificha na chake, nyumba moja, hawajui, hii aliniambia imetokea kweli. Kila dozi inayorukwa kwa ajili ya aibu ni nafasi kirusi kinapewa kuamka, na kikiamka dawa ikiwa nusu nusu kinajifunza kuishi nayo, dawa inakuwa haifanyi kazi tena. Kwa hiyo tunapomnyanyapaa mtu ili tujikinge, tunatengeneza kile kile tunachokikimbia.

Siku hizi walio vizuri wanapewa dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo, imesaidia sana hiyo habari ya kuonekana kwenye benchi la CTC kila mwezi.

Sheria ipo pia na watu wengi hawaijui, ya 2008, ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI. Kumnyanyapaa mtu kwa hali yake ni kosa, majibu ya kipimo ni siri, mwajiri haruhusiwi kukulazimisha upime ili akupe kazi. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayejijua amwambie mwenza wake, na bibi harusi wetu alishafanya hivyo bila kusukumwa na mtu. Aliyevunja sheria kwenye stori hii ni yule aliyevujisha, na hakuna hata kikao kimoja kilichoitishwa kumtafuta.

Wazee tukawaita nyumbani kwa baba mkubwa, nesi akaja kwa hiari yake, amekaa masaa matatu na nusu anajibu maswali na soda yake imepoa pembeni... namaanisha imepata moto. Swali lililokuwa limejificha nyuma ya maswali yote lilitolewa na mama wa binamu, kwa sauti ndogo: "na wajukuu?" Akaelezwa. Bila hatua yoyote, mtoto ana uwezekano wa asilimia 15 mpaka 45 wa kupata virusi kwa mama, tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akiwa kwenye dawa vizuri inashuka chini ya asilimia 5, na kama virusi vilishafubaa kabla hata ya kubeba mimba inakuwa ndogo zaidi ya hapo. Mtoto akizaliwa anapewa dawa ya kinga, anapimwa mapema kwa tone la damu kwenye karatasi, ananyonya kama watoto wengine na kuendelea kufuatiliwa, kwenye kunyonyesha hakuna anayesema sifuri lakini ni kidogo sana mama akiwa anameza dawa zake. Mama akauliza "kwa hiyo nitapata?" Nesi akamwambia utapata, andaa khanga.

Harusi ilifanyika ikiwa imechelewa miezi miwili, ukumbi mdogo, watu nusu. Baadhi ya waliotoa ahadi hawakulipa na sitajua kamwe ni kwa sababu ipi, wengine si walipaji kwa asili. Mimi nililipa. Binamu anapima kila baada ya miezi michache, hana, na kidonge cha mke kinakaa juu ya friji, lebo inaonekana. Shangazi naye anawatembelea, anafurahi kabisa, anacheka nao, ila kila chakula kikitengwa anasema amefunga. Kwaresma imeisha tangu Aprili.